Redio ya usiku si sawa na mvua ya bati

Wengi huamini kwamba sauti yoyote ikisikika chumbani, usingizi unakuja na masomo yanaingia. Ndiyo maana redio huachwa ikiongea mpaka alfajiri. Si kweli.

Mvua ya wastani juu ya bati inabembeleza kwa sababu mlio wake haubadilikibadiliki. Unafunika honi ya bodaboda na mbwa wa jirani, ubongo ukakosa cha kushtukia. Feni nayo hufanya hivyo hivyo. Redio ni kinyume: mtangazaji anashusha sauti, mara tangazo linaingia kwa kishindo, na sikio halilali kabisa. Hata jina lako likitajwa tu, unaweza kufumbua macho.

Anayeumia zaidi ni mwanafunzi anayekariri huku mtu anaongea pembeni, maana maneno hayo yanagombania nafasi ileile ya akili anayoihitaji kushika anachosoma. Azime redio kabisa, au awashe feni.

Na sauti yoyote isiwe juu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 1999 ulitaka kelele ya mfululizo chumbani usiku isizidi desibeli 30 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Kwa mtoto mchanga, tafadhali, kifaa cha sauti kikae mbali na kitanda chake.