Biblia haikushushwa: maana ya "pumzi ya Mungu"

Nimelisikia tena, safari hii redioni: "Biblia ilishushwa neno kwa neno kutoka mbinguni, walioandika walikuwa kalamu tu." Mhubiri alikuwa na nia njema, anatetea Maandiko. Lakini kushushwa ni neno la jirani. Waislamu ndio wanaosema Kurani iliteremshwa kwa Mtume Muhammad, na kwao neno hilo limesimama mahali pake. Sisi Wakristo tumeliazima bila hata kubisha hodi.

Imani yenyewe ni fupi. Maandiko yametoka kwa Mungu kupitia watu, hata walichoandika wao ndicho alichotaka Mungu kiandikwe. Mamlaka yake yanatoka hapo. Usafi wake ni kwamba hayadanganyi; Zaburi ya 12 inasema ni kama fedha iliyosafishwa mara saba.

Tatizo liko kwenye hayo maneno mawili, "kupitia watu". Kila mtu anayaruka.

Msemo "lenye pumzi ya Mungu" umo katika 2 Timotheo 3:16. Kigiriki chake ni neno moja tu, theopneustos, lililoungwa kwa theos, Mungu, na pneo, kuvuma au kupuliza, na katika Agano Jipya lote halionekani kwingine. Tazama sifa hiyo inapewa nani: inapewa andiko. Haipewi mwandishi, wala, kwa heshima zote, mchungaji anayetangaza kwamba amevuviwa alfajiri ya leo.

Sasa geuza ukurasa, waraka uleule, 4:13. Paulo yuko kifungoni, anamwomba Timotheo amletee joho aliloliacha kwa Karpo kule Troa, pamoja na vitabu, hasa vile vya ngozi. Mistari michache mbele anamhimiza ajitahidi kufika kabla ya wakati wa baridi. Kama hii ni imla ya mbinguni, baridi hiyo alikuwa anaiogopa nani?

Au 1 Wakorintho, sura ya kwanza. Paulo anasema hakumbatiza mtu Korintho ila Krispo na Gayo. Kisha anakumbuka: aa, na watu wa nyumba ya Stefana. Zaidi ya hao, anasema, hajui kama alimbatiza mwingine. Sentensi hiyo imebaki hivyo hivyo ndani ya Andiko Takatifu, haikufutwa ikaandikwa upya vizuri. Luka naye, anapoanza Injili yake, hasemi alisikia sauti ikimsomea. Anasema alifuatilia mambo yote tangu mwanzo ndipo akayaandika kwa taratibu.

Imla imo katika Biblia, sikatai. Katika Yeremia 36 nabii anasema, Baruku anaandika. Mfalme Yehoyakimu, akiota moto katika nyumba yake ya wakati wa baridi, akakikata kitabu kile kipande kwa kipande na kukitupa motoni. Kikaandikwa kingine, na maneno mengi ya namna ileile yakaongezwa. Mtu anayedhani usafi wa Neno ni usafi wa karatasi aisome sura hiyo polepole.

Watu wataniuliza: mkono wa mtu ukiingia, kosa halitaingia nao? Swali halali, na makanisa hayajibu kwa sauti moja. Waprotestanti wa Kiinjili waliotoa Tamko la Chicago mwaka 1978 walisema Maandiko hayana kosa, ila uvuvio, yaani ile pumzi ya Mungu, kwa maana yake kamili ni wa maandishi ya kwanza kabisa, na hayo leo hayapo mkononi mwa mtu. Wakatoliki, katika hati Dei Verbum ya mwaka 1965, walisema Maandiko yanafundisha bila kosa ukweli ambao Mungu alitaka uandikwe kwa ajili ya wokovu wetu. Ni pande mbili zisizopatana katika mengi. Lakini Dei Verbum inawaita wale watu waandishi wa kweli, na Tamko la Chicago linakana kwamba Mungu aliukanyaga utu wao. Habari ya kalamu tupu haimo kwa yeyote kati yao.

Kwa hiyo, ndugu mhubiri, unaweza kusema "Mungu amesema" na "Paulo ameandika" kuhusu mstari mmoja, na cha kwanza hakipungui. Na kijana wa kipaimara akinyoosha mkono kusema hapa Paulo amesahau aliowabatiza, usimkemee. Paulo mwenyewe ndiye aliyesema hivyo.