Mchwa si Sisimizi Weupe: Dhana Potofu na Ukweli

Anayekulia Uganda humfahamu mchwa kwa sura tatu: njia za udongo zinazopanda ukutani, kichuguu kilichosimama katikati ya shamba la mihogo, na kumbikumbi wa kukaanga wanaopimwa kwa kikombe sokoni. Kuzoea sura hizo kumetufanya tuamini mengi ambayo hayajapata kuwa kweli.

Dhana: Mchwa ni sisimizi weupe.

Mchwa ni jamaa wa mende. Kwa muda mrefu waliwekwa katika oda (kundi kubwa la wadudu wenye asili moja) yao wenyewe, Isoptera, lakini mwaka 2007 watafiti wa Makumbusho ya Historia ya Asili ya London walionyesha kwa ushahidi wa vinasaba kwamba mchwa ni tawi lililo ndani ya ukoo wa mende, na kwamba ndugu yao wa karibu zaidi ni Cryptocercus, mende anayeishi na watoto wake ndani ya magogo yanayooza. Sisimizi na siafu ni wa ukoo wa nyuki na nyigu. Ukiwaweka mchwa na sisimizi kiganjani utaona tofauti bila miwani ya kukuzia: sisimizi ana kiuno kilichobanwa na vipapasio vilivyokunjika kama kiwiko, ilhali mchwa hana kiuno na vipapasio vyake vimenyooka kama uzi wa shanga. Vibarua wa sisimizi wote ni majike, lakini mchwa wana vibarua wa kike na wa kiume. Na mfalme wa mchwa hafi baada ya kupandana kama afanyavyo dume la sisimizi, bali huishi na malkia chumba kimoja kwa miaka mingi.

Dhana: Kumbikumbi ni mdudu mwingine.

Kumbikumbi ni mchwa walioota mbawa, yaani wafalme na malkia watarajiwa. Waganda wamewafuatilia kwa makini kiasi kwamba mwezi wa Aprili huitwa kwa Kiganda Kafuumuulampawu, kwa kuwa ndio msimu wa kuruka kwa kumbikumbi waitwao empawu.

Dhana: Mchwa wote hula mbao.

Duniani zimeelezwa spishi zipatazo 3,000, nyingi zikiwa za nchi za joto, na zinazoharibu nyumba na mazao hazifiki hata moja kwa kila kumi. Cubitermes, wenye vichuguu vidogo, hula udongo wenye mboji. Trinervitermes huvuna nyasi, na askari wao hurusha gundi kwa pua iliyochongoka. Macrotermes, wajenzi wa vile vichuguu vikubwa tuvijuavyo, ni wakulima: humeza majani na miti iliyokauka, kisha kwa kinyesi chao hutengeneza sega ambalo juu yake huotesha kuvu wa Termitomyces, na kuvu huyo ndiye anayewalainishia chakula. Uyoga unaochomoza penye vichuguu mvua zinaponyesha umetoka katika mashamba hayo ya chini ya ardhi. Anayeua kila mchwa amwonaye huua pia mlimaji wa udongo na mkulima wa uyoga anaoupenda mezani.

Dhana: Malkia hutoa amri na wengine hutii.

Dhana hii ndiyo iliyoota mizizi zaidi, nayo hutuficha jambo la ajabu kuliko yote. Malkia wa Macrotermes hawezi hata kutembea vizuri kwa ukubwa wa tumbo lake, na vibarua wake ni vipofu. Mambo huendeshwa kwa kemikali zinazoitwa feromoni, neno lililotungwa mwaka 1959 na Peter Karlson na Martin Lüscher, ambaye alikuwa mtafiti wa mchwa. Kibarua anayerudi kutoka penye chakula hugusisha tumbo chini, na tezi iliyo upande wa chini wa tumbo huacha alama ambayo wenzake huifuata kwa vipapasio. Macrotermes na jamaa zake hutumia alkoholi yenye atomi 12 za kaboni. Mchwa wenye pua iliyochongoka huongeza kemikali nyingine iitwayo neosembreni. Katika baadhi ya spishi zinazolima kuvu, kemikali ileile ya njia ndiyo ambayo kumbikumbi jike humwitia dume. Usiku wa mvua, chini ya taa ya barazani, mtafute jike aliyekwisha kuangusha mbawa: huinua tumbo na kutulia, kisha dume humfikia na kumfuata nyuma kwa nyuma mpaka wapate pa kuchimba.

Harufu vilevile ndiyo kitambulisho. Nta iliyo juu ya ngozi ya kila mchwa humwambia anayemgusa kama ni wa nyumbani au mgeni. Ukibomoa kipande cha kichuguu, askari hutokea na kugonga vichwa vyao, na unaweza kusikia mchakacho kavu. Baadaye vibarua huja na tonge za udongo mbichi kuziba tundu, bila ya yeyote kwenda kwanza kwa malkia kuuliza.

Malkia naye ana kemikali zake. Mwaka 2010 watafiti wa Japani walitambua mchanganyiko unaotolewa na malkia wa aina ya mchwa iitwayo Reticulitermes speratus, mchanganyiko ambao huwazuia majike wengine kuwa malkia. Kizuizi cha namna hiyo ni tofauti kabisa na amri, kwa maana hakimwambii kibarua yeyote aende wapi wala ajenge nini.

Dhana: Ukimtoa malkia, umemaliza kichuguu.

Wengi wetu tumechimba kwa jasho, tukafikia kile chumba chenye kuta ngumu, tukamtoa malkia na kwenda zetu. Baadhi ya vichuguu vya Macrotermes vina malkia zaidi ya mmoja, kwa hiyo mchimbaji akiacha jembe baada ya kumpata wa kwanza, mayai huendelea kutagwa vilevile.