Siku tano Winfield, na jukwaa si lenyewe

Kila mwisho wa Septemba karakana yangu hujaa majeruhi. Gita lililobanduka daraja (kile kibao kinachobeba nyuzi), fidla yenye ufa kwenye ubao wa juu, mandolini iliyonyeshewa, banjo ambayo ukiitikisa inamwaga vumbi kama gunia la makopa. Siulizi zimetoka wapi. Naishi Wichita, jimbo la Kansas, na mwendo wa saa moja hivi kwa gari kuelekea kusini-mashariki kuna mji mdogo unaoitwa Winfield. Hapo, tangu 1972, hufanyika Walnut Valley Festival, tamasha la bluegrass na muziki mwingine wa nyuzi. Jina hilo liko kwenye tiketi tu. Watu wanasema "tunakwenda Winfield", na kila mpiga nyuzi wa upande huu anaelewa.

Mimi ni fundi wa ala za nyuzi. Kwetu Unguja, na fidla niliishika kwanza kwenye kidumbak, ule muziki wa mtaani wa fidla na ngoma, kabla sijakaribishwa kukaa na wazee wa taarab. Ndugu zangu wakipiga simu wakasikia naenda kulala hemani siku tano, Jumatano mpaka Jumapili, kisa banjo, wananiuliza kama nimerogwa. Basi leo nawajibu kwa kirefu.

Kwanza huo muziki. Wengi hudhani bluegrass ni muziki wa kale wa milimani, kumbe ni rika la muziki wetu wa dansi. Bill Monroe, mpiga mandolini wa Rosine, Kentucky, aliingia kwenye kipindi cha redio cha Grand Ole Opry huko Nashville mwaka 1939 na bendi yake, Blue Grass Boys, aliyoipa jina la utani la jimbo lake. Desemba 1945 akajiunga naye kijana wa North Carolina, Earl Scruggs, aliyekuwa akidonoa banjo kwa vidole vitatu, noti zinamwagika kama mchele kwenye ungo. Hapo ndipo muziki wenyewe ulipotimia: fidla, banjo, mandolini, gita, besi kubwa ya kusimama. Ngoma hakuna. Kazi ya ngoma anaifanya mpiga mandolini. Besi inapiga pigo la kwanza na la tatu, yeye anakata la pili na la nne, na mkono wa kushoto unaziachia nyuzi papo hapo ili sauti isiendelee. Ukifumba macho utaapa kuna mtu amekaa na mkwasa, vile vijiti vya kugonganisha.

Desturi ya kukusanyika shambani siku kadhaa kwa ajili ya muziki huu tu ilianza 1965 kwenye shamba la farasi huko Fincastle, Virginia, na aliyeiandaa ni Carlton Haney. Kabla ya hapo bendi zilikuja, zikapiga usiku mmoja, zikaondoka. Kulala palepale kulibadilisha mambo kuliko alivyotarajia mtu, kwa sababu mashabiki wa bluegrass wengi wao ni wapigaji pia. Mpigaji akilala hemani na gita lake, halafu jirani yake ana banjo, hapo hapahitaji mwandaaji.

Ndiyo maana nasema Winfield usiende kwa ajili ya jukwaa. Majukwaa rasmi yapo manne katika viwanja vya maonyesho vya wilaya, na wanaopanda ni watu wenye mikono hasa. Kuna mashindano pia, maarufu kuliko yote yale ya gita la kupigwa kwa piki (sisi tuliozoea udi tungesema risha). Majaji hawamwoni mshindani. Wanasikia tu, naye anaitwa kwa namba. Nayapenda sana mashindano yale, maana nimeona mtoto wa miaka kumi na kitu akiwatoa jasho wababe wenye ndevu. Lakini kwa siku tano jukwaani huenda nikakaa saa sita kwa jumla. Muda uliobaki niko kambini, kando ya mto Walnut, chini ya miti.

Kambi ni mji. Watu hupanga foleni nje siku nyingi kabla, na siku geti linapofunguliwa huingia kwa mpangilio wa namba kwenda kushika viwanja vyao, jambo wanalolifananisha na zile mbio za walowezi za kugombea ardhi katika karne ya 19. Kuna familia zinaweka hema chini ya mti uleule tangu babu yao. Upande wa Pecan Grove hawalali. Walnut Grove wamestaarabika kidogo, na mimi tangu nifike umri wa kuumwa mgongo nimehamia huko. Kila kambi ina jina lake, taa zake, na sufuria lake la kahawa. Kuna hata jukwaa la tano, lisilo rasmi, lililojengwa juu ya lori. Mvua ikinyesha sana mto unakumbusha kwamba uwanja ni wake. Mwaka 2008 ulifurika, tamasha likahamishiwa kando ya ziwa la mji.

Sasa duara. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndiyo habari yenyewe.

Watu watano, saba, mara nyingine kumi na tano, wanakaa mviringo kwenye viti vya kukunja. Hawajuani. Mmoja anatoka Oklahoma, mwingine kashuka ndege jana. Mtu anasema jina la wimbo na ufunguo, yaani noti ya msingi ya wimbo, "G", anahesabu, na wote wanaingia kama bendi ya miaka kumi. Kwa asiyejua ni miujiza. Kumbe wanashika sheria, tena kali, ila haziandikwi popote.

Anayeita wimbo ndiye imamu wa wimbo huo, wengine maamuma. Yeye anaimba au anaanzisha mahadhi, yeye anaamua kasi, na yeye anamkonyeza wa kupiga solo. Asipokonyeza, solo inazunguka duara kwa zamu, kila mtu mzunguko mmoja. Hujisikii? Tikisa kichwa, inapita kwa jirani, na hakuna atakayekucheka. Kodi (hizi za gita, noti zinazopigwa pamoja, si zile za serikali) mara nyingi ni tatu tu, na kama mgeni kapotea, mwenye wimbo anamwonyesha vidole: kimoja, vinne, vitano, yaani hatua ya kwanza, ya nne na ya tano ya skeli. Mwenye gita akitaka ufunguo wa A anafunga kapo, kile kibanio cha nyuzi, nafasi ya pili ya shingo na kupiga maumbo yaleyale ya G. Mwenye fidla hana kapo, anafikiri tu. Wimbo ukikaribia kwisha imamu ananyanyua mguu mmoja, na wote wanamaliza pamoja. Usipoangalia mguu utabaki unapiga peke yako, na kimya kile kinauma.

Sheria iliyonishinda mwaka wangu wa kwanza ni nyingine. Katika kidumbak fidla ndiyo injini. Waimbaji wanaimba, wachezaji wanakata viuno, nawe huachi, unasukuma bila kupumua mpaka asubuhi. Nikaingia duara la Pecan Grove na tabia hiyo hiyo. Bibi mmoja wa makamo alikuwa anaimba wimbo wa taratibu, sauti nyembamba tu, na mimi juu yake nachana mahadhi yaleyale kwa nguvu, najiona mjuzi. Mzee wa besi pembeni yangu akainama sikioni: "Kijana, yule anaimba."

Maneno matatu. Nikashusha uta, na nikakaa nyimbo mbili nzima nasikiliza. Mwenye sauti akiimba, ala nyingine zinashuka chini yake: fidla inaburuta noti ndefu za chini au inanyamaza kabisa, na ile nafasi mwimbaji anapovuta pumzi mwisho wa mstari, hapo ndipo mtu mmoja, mmoja tu, anachomeka jibu fupi. Nilipolielewa hilo nilitaka kucheka. Hii ni taarab! Mwimbaji anamaliza mshororo, fidla inamjibu. Kosa langu lilikuwa kwenda na mkono wa kidumbak mahali panapotaka mkono wa taarab. Tofauti ni kwamba sisi katika taarab fidla zote tunajibu kwa pamoja, mahadhi mamoja, na wao wanaona aibu watu wawili kusema kwa wakati mmoja.

Bibi yule usiku uleule aliimba wimbo wa Jimmie Rodgers, mwimbaji wa zamani wa kantri, wenye mlio ule wa kuvunja sauti kooni. Tulipopumzika kwa kahawa niliwasimulia habari ya Wakipsigis wa Kenya, ambao waliisikia sauti ya Rodgers kwenye santuri, wakamwita Chemirocha, na mwaka 1950 Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Kiafrika, akawarekodi mabinti wakimwimba kama kiumbe nusu mtu nusu swala. Duara zima lilinyamaza. Halafu mzee wa besi akasema kwa dhati kabisa kwamba na yeye siku zote alimshuku hivyo.

Na hii banjo, tusiidhulumu. Asili yake ni Afrika, Afrika Magharibi hasa. Wajola wa Senegal na Gambia wana akonting, kibuyu kilichowambwa ngozi, mpini mrefu, na uzi mmoja mfupi unaogongwa kwa kidole gumba. Watu waliotekwa utumwani waliunda ala za aina hiyo Karibi na Amerika Kaskazini tangu karne ya 17, na ule uzi mfupi ndio huu wa tano wa banjo, unaoanzia katikati ya shingo badala ya kichwani. Monroe mwenyewe, akiwa kijana, alipiga kwenye madansi pamoja na Arnold Shultz, mpiga gita na fidla mweusi wa Kentucky, na alikiri deni hilo. Pamoja na hayo, mara nyingi mimi ndiye mweusi peke yangu katika duara. Sijawahi kufukuzwa. Nimeshaulizwa, lakini, kama nimepotea njia. Wapiga banjo wanaojua mambo wao huniuliza swali jingine: unatoka Tanzania, je, unamfahamu Anania Ngoliga, yule mwanamuziki? Wamemjua kupitia kwa Béla Fleck, mpiga banjo wa Kimarekani aliyekuja kwetu na banjo yake mwaka 2005 wakapiga pamoja. Namjibu kila mtu kwamba Tanzania ni kubwa.

Ngozi ya banjo siku hizi kwa kawaida ni plastiki. Lakini wapo wachache wanaoshikilia ngozi ya ndama, na usiku umande ukishuka ngozi inalegea, daraja linazama, sauti inakuwa kama debe lililojaa maji. Usiku mmoja nilimwona mmoja wao anahangaika na ufunguo wa kukazia. Nikaichukua banjo yake, nikaisogeza jirani na jiko la kahawa, si karibu sana, nikaizungusha polepole. Dakika chache ikalia. Akaniuliza nimejifunza wapi. Nikamwambia hakuna mpiga ngoma kwetu asiyejua.

Kuhusu vifaa sina mengi. Kiti kiwe kisicho na mikono, maana chenye mikono gita halikai na kiwiko kinagonga. Tochi ya kichwani, lakini usimmulike mtu usoni. Nyuzi za akiba. Koti, hata kama mchana ulitoka jasho, kwa sababu usiku wa Septemba Kansas hubadilika ghafla. Na tyuna, kile kifaa cha kupimia sauti ya nyuzi, ya kubana kichwani mwa ala, utumie kimya kimya kati ya nyimbo.

Ala yenyewe ndiyo inataka huruma. Mbao hustarehe unyevu wa hewa ukiwa kati ya asilimia 45 na 55. Winfield hewa hupanda na kushuka siku moja, ubao wa juu unavimba asubuhi na kurudi jioni, basi ukimaliza kupiga irudishe kwenye sanduku lake na ufunge. Milimani ni kinyume. Niliwahi kupeleka fidla kwenye tamasha la Telluride, Colorado, zaidi ya mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, na kwa ukavu ule vigingi vyake vya kukazia nyuzi vililegea vyote vinne usiku mmoja. Nilikesha nikivipaka chaki. Magita huko shingo zinasinyaa mpaka ncha za vyuma zinachomoza na kukukwaruza kiganja.

Kubwa kuliko yote ni gari. Gundi inayoshika daraja la gita huanza kulegea joto likikaribia nyuzijoto 60 za Selsiasi, na ndani ya gari lililofungwa juani joto hilo si la kutafuta. Nyuzi za chuma zinavuta kwa uzito wa mtu mzima, gundi imelainika, nini kitabaki? Mwaka jana niliyapokea magita matatu ya namna hiyo kwa wiki moja, na wenyewe wote watatu waliniapia waliliacha "dakika tano tu".

Mwaka huu pia nitayapokea. Ila karakana baada ya Winfield nafungua Jumatano. Jumatatu na Jumanne nalala.