Kompyuta ya Nyumbani na Ishara za Mikrokontrola: Dhana Potofu na Ukweli

"Bila kifaa cha maabara cha bei kubwa, huwezi kuona kinachopita kwenye waya."

Si kweli, na dhana hii imewakatisha tamaa wanafunzi wengi mno wanaotaka kuona ishara za mikrokontrola, yaani kompyuta ndogo iliyo ndani ya chipu moja. Mawasiliano ya siriali (biti moja baada ya nyingine kwenye waya) ya kasi ya biti 9600 kwa sekunde hutumia maikrosekunde 104 kwa kila biti. Kompyuta kuukuu yenye poti ya printa ya pini 25 ina pini tano za kupokea ishara (10, 11, 12, 13 na 15), na programu ndogo inaweza kuzisoma mara kadha wa kadha kabla biti moja haijapita.

Niliwahi kuhangaika na mikrokontrola ya ATmega328P iliyotoa herufi zisizosomeka. Nikaiagiza itume herufi U mfululizo, kwa sababu biti za U hupishana: 0, 1, 0, 1, hadi mwisho. Kwenye skrini kila biti ilichukua maikrosekunde 208. Mara mbili kamili! Chipu ilikuwa ikiendeshwa na saa yake ya ndani ya megahezi 8, ilhali mimi nilikuwa nimeiandikia programu ya megahezi 16. Siku mbili nilizipoteza nikikagua mistari ya programu isiyo na kosa.

"Prosesa ya gigahezi 3 itanasa kila kitu."

Hapa ndipo wengi hupotea. Kusoma poti mara moja huchukua takriban maikrosekunde nzima, hata prosesa iwe na kasi gani. Tena Windows au Linux huweza kuisimamisha programu yako ghafla ili ihudumie kazi nyingine, na biti zilizopita wakati huo hazirudi. Kwa SPI (njia ya kasi ya mawasiliano kati ya chipu) ya megahezi 4, tafuta kifaa cha USB chenye chipu ya CY7C68013A. Kikitumiwa na programu huria ya sigrok, husoma chaneli 8 hadi mara milioni 24 kwa sekunde.

"Adapta ya USB ya printa ni poti ileile."

Hapana. Hiyo hujua kuzungumza na printa tu.

"Waya wa ishara peke yake unatosha."

Bila GND (waya wa volti sifuri) ya pamoja utaona vurugu tupu. Unganisha kwanza GND ya bodi na pini yoyote kati ya 18 na 25, kisha pima volti ya ishara kwa mita ya umeme. Ikizidi volti 5, usiiguse poti nayo.