Kayaki Alaska: kabla ya kununua bunduki ya kujikinga na dubu

Kila msimu wa kayaki unapokaribia, Waswahili waishio Marekani huuliza ni bunduki gani inayoangusha dubu wa kahawia. Anza na viza yako. Aliyeingia kwa viza ya muda, ya masomo au ya matembezi, anakatazwa na sheria ya shirikisho kumiliki au kushika bunduki wala risasi. Vighairi ni vichache, mojawapo ni leseni halali ya uwindaji ya jimbo. Mwenye kadi ya kijani, yaani mkaazi wa kudumu, hazuiwi na kifungu hicho. Kuazima kwa rafiki hakukuokoi, kwani kosa ni kuwa nayo mkononi, na kifungo hufika miaka 15.

Kwa anayeruhusiwa, inayofaa ni bunduki ya pampu, ambayo hupakia risasi kwa kuvuta na kusukuma mkono ulio chini ya mtutu, ya geji 12 (kipimo cha upana wa mtutu), yenye mipako ya kuzuia kutu, ikitumia risasi moja nzito badala ya marisau. Marisau madogo ni ya ndege. Hayafiki mfupa wa dubu. Tafadhali msikate mtutu ili uingie kwenye tundu la mizigo la kayaki. Ukipungua inchi 18, au bunduki nzima ikipungua inchi 26, bila kibali cha awali mmevunja sheria ya shirikisho ya silaha ya mwaka 1934, na kifungo chake hufika miaka 10.

Pampu huharibiwa na hofu. Mtu huvuta mkono wa bunduki nusu, ganda halitoki, bunduki inakwama. Jizoeze kuvuta mpaka mwisho na kusukuma mpaka mwisho, ukiwa umevaa jaketi la kuelea, kwa sababu kitako hunasa kwenye jaketi hilo. Kila jioni toa chumvi na mchanga, kausha, paka mafuta. Mfuko usiopitisha maji hufungia unyevu ndani pia.

Hata hivyo, bunduki iliyo tunduni haifikiki unapovuta kayaki ufukweni. Chupa ya pilipili ya dubu, ya kumpulizia dubu anayekujia, isiyopungua gramu 225, ifungwe kifuani. Hairuhusiwi katika ndege ya abiria, hata kwenye mzigo, kwa hiyo inunuliwe Juneau au Anchorage. Na jamani, haipuliziwi hemani kama dawa ya mbu! Mabaki yake huvuta dubu.

Anayepita Kanada kwa gari aache bastola nyumbani. Bunduki ndefu ya kawaida hutangazwa mpakani kwa fomu ambayo usiitie sahihi mpaka uwe mbele ya afisa. Ada ni dola 25 za Kanada, na fomu hiyo hudumu siku 60.

Ukimuua dubu kwa kujihami, kazi haijaisha. Toa taarifa mara moja kwa mamlaka ya wanyamapori ya jimbo. Mchune, ngozi yenye kucha pamoja na fuvu ni mali ya jimbo, utavikabidhi. Fomu ya maelezo irudishwe ndani ya siku 15. Utetezi huo haukubaliki ikiwa chakula au taka ulizoacha wazi ndizo zilizomleta.