Upondo, Bomu na "Siri": Mashua za Torpedo za Karne ya 19

Usiku wa tarehe 27 Oktoba 1864, William Cushing, luteni wa miaka 21 wa jeshi la majini la Marekani, alipanda Mto Roanoke kwa mashua ndogo ya mvuke. Ilikuwa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, naye aliifuata Albemarle, manowari ya waasi wa Kusini iliyovikwa mabamba ya chuma. Silaha yake ilikuwa bomu lililofungwa kwenye ncha ya upondo mrefu uliotokeza omoni.

Manowari ilizungushiwa magogo. Cushing akageuza mashua, akachukua mwendo, akaiparamisha juu ya magogo yaliyoota utelezi. Kisha, huku risasi zikimiminika, ikabaki kazi ya kamba mkononi: moja ya kuteremsha upondo, nyingine ya kuliachia bomu chini ya ubavu wa meli, nyingine ya kulilipua. Albemarle ilizama. Mashua nayo iliangamia, wengi wa wenzake wakatekwa, yeye akaokoka kwa kuogelea.

Urefu wa upondo ndio ulikuwa umbali kati ya mabaharia na mlipuko wao wenyewe. Februari mwaka huohuo nyambizi Hunley ya Kusini iliizamisha Housatonic, manowari ya Kaskazini, karibu na Charleston kwa mbinu hiyohiyo, na watu wake 8 hawakurudi.

Jawabu lilitoka Fiume, bandari ambayo leo ni Rijeka, Kroatia. Giovanni Luppis, ofisa wa majini wa Austria, alibuni chombo chenye bomu kilichoongozwa kwa kamba kutoka pwani. Robert Whitehead, mhandisi Mwingereza, aliachana na kamba, akakizamisha chini ya maji na kukiendesha kwa hewa iliyoshindiliwa. Torpedo yake ya kwanza, yaani bomu hilo linalojiendesha lenyewe majini, ilikuwa tayari mwaka 1866, ila haikushika kina: mara ipite chini ya meli, mara irukie juu. Akaiwekea bamba linalosukumwa na maji upande mmoja na springi upande wa pili. Torpedo ikizama mno, maji huishinda springi na usukani huipandisha. Bamba peke yake liliifanya ipande na kushuka kama pomboo, ndipo akaongeza timazi, uzito unaoning'inia na kuhisi torpedo ikiinamisha kichwa. Kifaa hicho kililindwa hata kikaitwa "Siri" tu. Kwa maoni yangu, hicho kina uzito kuliko injini yenyewe, maana bila kina sahihi mwendo haufai kitu.

Mashua zenyewe zilikuwa kazi ya mafundi kama Thornycroft wa Chiswick, kando ya Mto Thames. Mwaka 1873 aliiundia Norwei mashua iliyoitwa Rap, ya urefu wa mita 18 hivi. Kisha ikaja Lightning ya Uingereza, iliyokimbia maili 18 za bahari kwa saa. Mwaka 1879 ilifungwa bomba la kurushia torpedo omoni.

Januari 1878, bandarini Batum, mashua za Warusi chini ya Stepan Makarov ziliizamisha Intibah, meli ya Waturuki, kwa torpedo za Whitehead. Baada ya hapo manowari kubwa zilitandaziwa nyavu za chuma ubavuni, zikafungwa taa kali na mizinga midogo ya kufyatua haraka. Mwaka 1893 Uingereza ikashusha majini Havock, iliyoundwa mahususi kuzisaka mashua za torpedo, nayo yenyewe ikibeba torpedo.

Rap bado ipo, katika makumbusho ya jeshi la majini huko Horten, Norwei.