Hatua za Maisha ya Binadamu katika Ushairi

Hatua za maisha, kama washairi wanavyozichora, ni umri wa mtu uliokatwa vipande, kila kipande kikapewa sura, kazi na kasoro yake: utoto, ujana, utu uzima, uzee. Daktari naye hugawa umri, lakini yeye hufuata mwili. Mshairi huweka mipaka pale inapoifaa hoja yake.

Mtazame Solon, mtunga sheria wa Athens aliyeishi takriban miaka 600 kabla ya Kristo. Aliyagawa maisha kwa miaka saba saba, mara kumi. Katika saba ya kwanza meno ya utotoni hung'oka. Katika ya tatu ndevu huchomoza. Ya tano ni wakati wa kuoa. Kilele cha akili na ulimi amekiweka katika saba ya saba na ya nane, yaani kati ya miaka 42 na 56, wakati nguvu za mwili zimeshapita ubora wake. Si ajabu kwa mtu aliyeishi kwa kusema barazani. Akitimiza 70, anasema, kifo hakitakuwa kimemjia mapema. Tena mshairi mwenzake Mimnermus alipotamani kufa akiwa na miaka 60, Solon alimtaka aurekebishe ubeti wake, aseme 80.

Mgawanyo unaojulikana zaidi ni ule wa hatua saba katika As You Like It, tamthilia ya Shakespeare ya mwishoni mwa karne ya 16. Dunia ni jukwaa, anasema Jaques, mmoja wa wahusika wake, na mtu huingia na kutoka. Kwanza kichanga kinachocheua mikononi mwa yaya; kisha mwanafunzi anayejikokota kwenda shule; halafu mpenzi anayehema na kuzitungia nyusi za mpenziwe wimbo. Baada yake huja askari anayesaka sifa hata mbele ya mzinga, hakimu mwenye kitambi, na mzee aliyekonda hadi soksi zinampwaya. Mwisho ni utoto wa pili, bila meno, bila macho, bila ladha.

Watu huyanukuu maneno haya kama imani ya Shakespeare mwenyewe, na hapo ndipo wanapoteleza. Jaques ni mhusika anayeipenda huzuni yake. Kwake hakuna hatua hata moja yenye heshima. Na mara tu anapomaliza kusema, kijana Orlando anaingia na Adam, mtumishi mzee aliyempa akiba yake yote na kumfuata msituni. Uzee wa Adam haufanani hata kidogo na ule uliotoka kusimuliwa. Isitoshe, hatua zile ni za mwanamume. Kigori, mwali na mama hawana nafasi katika orodha ile.

Kwa sura ya mwanamke, tuje Pate. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Mshamu, akiwa ameshikwa na maradhi, alimtungia utenzi binti yake Mwana Hashima, msichana wa miaka kama 17. Haanzi na kuzaliwa wala hamalizi na ukongwe. Anasimama mahali pamoja tu, pale mwali anapogeuka kuwa mke, na hapo anakaa kwa utulivu: radhi tano anazozihitaji kiumbe (ya Mungu, Mtume, baba, mama na mume), usafi wa nyumba, adabu ya kusema na watu. Msomaji wa leo anaweza kubishana naye kuhusu nafasi anayompa mume, na wengi hubishana. Ila tazama nani anasema: mama anayekiona kifo, akimweleza mwanawe hatua ambayo yeye ameshaipita.

Shaaban Robert, karne iliyofuata, alishika njia hiyo hiyo katika Utenzi wa Hati, aliomtungia binti yake, na Utenzi wa Adili, aliomtungia mwanawe wa kiume. Solon na Jaques huyatazama maisha kwa mbali na kuyahesabu. Katika tenzi hizi mzazi humtajia mtoto wake mambo ya umri asioufikia bado.